Pang Suyun, Yupo!

Pang Suyun, mke wa kaka yangu, alikuwa muuza tofu, ile jibini ya soya, hapa kijijini Shuiwei. Sauti yake ilitangulia baiskeli yake. Ukiisikia, ujue kumekucha.

Mwaka ule mwenyekiti wetu, Guo, aliuza mashamba ya mpunga ya kando ya mto kwa tajiri wa kiwanda bila kumwuliza mtu. Kwenye mkutano Suyun akasimama.

"Mwenyekiti, mashamba hayo ulirithi kwa babako au kwa babangu?"

Watu wakaangua kicheko. Guo naye akacheka, ila kwa meno tu.

Uchaguzi ulikuwa umekaribia. Sheria inasema wanakijiji wachague kamati yao wenyewe, lakini miaka nenda miaka rudi sisi tulipokea karatasi yenye jina la Guo, tukaitia alama, tukapewa chupa ya mafuta ya kupikia, tukaenda zetu. Suyun akatangaza kwamba naye anagombea. Haikupita wiki, polisi wakamwalika chai. Kwetu mwaliko huo hauna kikombe wala hongo: unahojiwa mpaka ukome. Hakukoma. Siku chache kabla ya kura wakaja kumchukua, eti anavuruga utulivu, wakamweka rumande mjini.

Kaka yangu Deshan ni mtu wa kimya; tulidhani atajifungia ndani alie. Asubuhi tukamwona katoka na baiskeli. Tofu aliyopika ilikuwa imeungua chini, na juu imelegea kama uji. Watu wakainunua yote.

"Deshan, hii ni tofu au ni adhabu?" jirani akamwuliza.

"Ni kampeni," akajibu. Tangu utoto wetu sikuwahi kumsikia akitania.

Jina la Suyun halikuwekwa kwenye karatasi ya kura, lakini chini palikuwa na nafasi ya kuandika jina la mtu mwingine. Shida ni kwamba wazee wengi hawakuwahi kuandika kitu zaidi ya ile alama. Basi tukakusanyika uani kwa Bibi Ou, tukatandaza unga mezani, tukafundishana kuandika jina la Suyun, lenye mistari chungu nzima, kwa vijiti vya kulia wali.

"Mama yake angempa jina jepesi, saa hizi ningekuwa nimelala," Bibi Ou akalalamika.

"Bibi, hapo umechora kaa."

"Kaa naye ni mwenyeji wa mtoni. Mwache apige kura!"

Tulicheka mpaka unga ukapeperuka.

Kura zilihesabiwa hadharani, uwanja wa shule. Afisa kutoka mjini akawa anasoma karatasi mojamoja. "Guo. Guo. Pang Suyun." Mtu mmoja nyuma akaitikia, "Yupo!" kama mwanafunzi anayeitwa darasani. "Pang Suyun." "Yupo!" Sasa walikuwa kumi. Kisha uwanja mzima. Kila jina lake liliposomwa tuliitikia, na mimi nilipiga kelele huku machozi yananitoka, kwa maana alikuwa nyuma ya nondo, hasikii.

Guo akainyakua karatasi moja. "Huu si mwandiko, ni miguu ya kuku!"

"Kuku mwenyewe ni mimi," Bibi Ou akasema, akijikongoja mbele. "Afisa, isome."

Afisa aliutazama umati, akajifuta jasho, akaisoma.

Suyun alishinda, tena kwa mbali. Polisi walipomwachia tulimpokea kituo cha basi kwa fataki na ngoma.

"Jamani, nani anaoa?" akauliza.

"Hakuna anayeoa. Umechaguliwa mwenyekiti, wifi yangu!"

Akaketi palepale juu ya kifurushi chake, akacheka na kulia kwa pamoja. Deshan akamshika mkono mbele ya watu, jambo ambalo halifanyiki kwetu.

Si yote yaliyonyooka. Wakubwa wa mjini walichelewesha kumtambua hadi mavuno yakapita, nusu ya mashamba ilikuwa imeshamwagiwa zege, na polisi bado humwalika chai. Ila nusu nyingine Suyun aliiokoa, na ina mpunga hadi leo.

Kwenye mkutano wake wa kwanza kila mtu alitaka kusema. Walimbana kuhusu mtaro, kuhusu taa za njiani, kuhusu mbwa wa mumewe anayekimbiza bata wa watu.

"Hata polisi hawakunihoji hivi!" akapaza sauti, uso umemjaa furaha.

"Polisi hawakukupigia kura," akajibu Bibi Ou. "Jibu habari za mtaro."

Akajibu. Mkutano uliendelea mpaka wali wetu ukapoa majumbani, na hakuna aliyetaka kuondoka.