Tezi za Mama Kulwa

Wajomba zangu wa Misungwi walisema sitamaliza hata wiki. Mtoto anayekimbia ng'ombe akichinjwa, ataweza wapi kukata nyama ya binadamu? Nilijitafutia nauli kwa kubeba magunia, nikasoma Kampala, nikarudi Mwanza na stashahada ya maabara, wa kwanza katika ukoo wetu. Nalisema bila aibu.

Siku ya kwanza kazini, Mkuu wa Maabara aliniwekea sinia la mafuta yaliyotolewa kwenye nyonga ya mgonjwa pamoja na kizazi. Nitafute tezi za limfu, vijipunje ambavyo saratani ya mlango wa kizazi hupenda kuvipitia inapoanza kusambaa. Nikashika kisu.

"Weka chini hicho, bwana stashahada," alisema. "Papasa kwanza."

Nikapapasa kama mpishi anayetafuta mawe kwenye mchele. Baadaye hakuna aliyenifikia kwa vidole, hata madaktari waliokuja kujifunza kwetu. Nilizitoa, nikazikata nyembamba, nikazipaka rangi, na Daktari Bingwa akazisoma kwenye hadubini. Zikiwa safi, mama alirudi nyumbani. Zikiwa na ugonjwa, alianza safari ya mionzi.

Mwaka wangu wa mwisho kazini, mzee mmoja aliniletea chupa ya nyama ya kupimwa kutoka ng'ambo ya Busisi, alikofanyiwa upasuaji mkewe, Mama Kulwa. Daraja lilikuwa bado halijakamilika, watu walivuka ziwa kwa kivuko. Nilipofungua sikusikia ukali wa fomalini, dawa inayozuia nyama isioze. Nilisikia uvundo.

Nikamuuliza alichofanya. Akanieleza kwa fahari kwamba abiria wa kivuko walilalamikia harufu, basi akaimwaga ile dawa, akajaza maji safi ya ziwa. Usiku ule alilala Kigongo, upande wetu wa kivuko, chupa kando ya kichwa.

Nilipapasa mpaka jioni. Tezi zilipondeka vidoleni kama ugali mbichi. Daktari Bingwa alitazama slaidi zote, akavua miwani.

"Hapa hakuna cha kusoma. Andika hivyo hivyo."

Kwa kuwa hatukuweza kusema yu salama, Mama Kulwa alipewa mionzi. Ilimchosha sana. Alifariki kabla mahindi hayajakomaa.

Nilipostaafu, yule mzee aliulizia mpaka akafika kwangu Igoma. Tuliamkiana, akanywa chai. Kisha akauliza.

"Mzee mwenzangu, yale maji yangu ndiyo yaliyomuua?"

Watu wote waliowahi kuniuliza jambo la kazi yangu niliwajibu, na nilijivunia hilo. Nilitaka kumwambia hapana. Nilitaka sana.

"Sijui," nikamwambia. "Jibu lilikuwa mle kwenye chupa."

Aliitikia kwa kichwa. Akaomba chai nyingine, nikammiminia, na hakuinywa.