Chupa Nyeupe za Dirishani

Mume wangu aliachishwa kazi kwenye shamba kubwa la chai mashine za kuchuma zilipoletwa. Tulikuwa na mananasi upande wa Roret, akaamua kuyageuza mvinyo mweupe. Mtungi wa kwanza uliharibika, wa pili ukaharibika, wa tatu ukatoka safi kabisa. Mwenye hoteli mmoja wa Kericho alionja akasema atarudi mwisho wa mwezi. Akiukuta hivyo hivyo atauchukua wote, na wa kila msimu. Hatukuwa na tegemeo lingine.

Mume wangu alitaka chupa za kijani. Alinieleza kwamba mwanga huharibu mvinyo mweupe, na glasi nyeupe inapitisha mwanga wote. Alikuwa amepata sita tu. Akazijaza, akaziweka stoo, akaniachia kazi ya kutafuta nyingine kama hizo, yeye akaenda kumuuguza mamake hospitalini Kapkatet.

Mimi nina kichwa kigumu. Kwetu chupa ya rangi ni ya baa, na mimi ni mama wa kanisa. Nilinunua chupa nyeupe, nikazijaza, nikazipanga dirishani, pazia nimelifunga fundo, ili kila apitaye aone kwamba hatufichi pombe haramu. Jua la asubuhi lilizipiga wiki tatu nzima. Nisiseme uongo, nilizionea fahari.

Mume wangu alirudi asubuhi ile ile mgeni wetu wa hoteli alipokuja. Mgeni akafungua ya kwanza, sebule ikanuka kabeji iliyochemshwa ikalala. Akafungua ya pili, na ya tatu.

"Pole, mzee," akasema, akaenda zake. Baadaye hakushika simu zetu tena.

Majirani walikuwa wamejaa mlangoni na watoto wetu. Mmoja akaniuliza kumetokea nini. Nikajibu haraka, kwa sauti: "Si huyu mzee hakuosha mitungi poa. Na nilimwambia." Mume wangu alinitazama, kisha akatazama mikono yake. Jioni hiyo alimwaga kila kitu, na wiki iliyofuata akang'oa mananasi. Siku hizi anachumia watu chai, analipwa kwa kilo, na kijijini bado wanamwita mzee wa mitungi michafu.

Baada ya miezi kadhaa nilikuta chupa moja ya kijani stoo, nyuma ya magunia ya mahindi. Nikaonja. Ulikuwa mvinyo wa mtungi ule ule, na ulikuwa mzuri kabisa. Nikaumwaga zizini. Nilikuwa mwoga, na woga huo niliulea miaka minne.

Mwezi uliopita nilimwambia. Alikuwa amekaa jikoni akipaka mafuta ya kukamulia ng'ombe kwenye vidole vilivyopasuka.

"Nilijua hiyo siku," akasema. "Jioni kabla ya kumwaga nilifungua zile za green, zilikuwa sawa."

"Na mbona ukanyamaza?"

"Ulikuwa umeshasema mbele ya watu, mama watoto. Ningesema mimi, mmoja wetu angekuwa mwongo. Na watoto walikuwa hapo."

Nililia. Nikamwambia Jumapili nitasimama kanisani niseme ukweli wote.

"Sema," akanijibu, bila hasira yoyote. "Lakini usiseme ni kwa ajili yangu. Mimi nilishazoea."