Maneno Niliyojifanya Siyajui

Mwenzangu mmoja tuliyefundisha naye zamani ndiye aliyenitafutia kazi hii: kufasiri maneno ya jiografia kutoka Kiingereza, kwa ajili ya kitabu cha watoto wa shule ya msingi. "Mwalimu," akasema, "umestaafu, umekaa tu Goba huko mlimani unaongea na redio. Fanya hii." Nilimjibu kwa ukali kwamba siongei na redio. Kweli naongea nayo, tena naigombeza.

Kazi ilikwenda vizuri mpaka nikafika kwenye neno shore. Wenyewe Waingereza wanalo hilo, wanalo coast, wanalo beach, na kila moja lina mahali pake. Mhariri alitaka Kiswahili cha kila moja na maelezo mafupi. Kazi ya dakika kumi. Mie nimezaliwa Kunduchi, baba mvuvi, babu mvuvi. Pwani, ufukwe, ufuo, mwambao, yote nimekua nayo. Lakini niliweka kalamu chini nikajiambia, hapa nimekwama, sina budi kumpigia mdogo wangu.

Uongo mtupu. Nilikuwa natafuta sababu. Mdogo wangu wa kike ndiye ndugu pekee niliyebaki naye tumbo moja, na alikuwa hajasema na mimi miaka miwili, tangu tumzike mama. Nilitaka kusikia sauti yake, basi.

Mama alipopooza upande mmoja alikuwa akikaa naye Kunduchi, kwenye nyumba ya familia. Baada ya miezi kadhaa mama mwenyewe akanipigia simu, akaniambia niende nikamchukue. Sikuuliza kwa nini. Nilifurahi, sifichi, mume wangu ameshatangulia mbele ya haki, wanangu wako mbali, nyumba nzima nasikia jokofu tu likinguruma. Nikamleta Goba. Kila asubuhi alikuwa akiniuliza, "Maji yameshapwa?" Nami namjibu yameshapwa, mama, na dirishani kwangu kuna mgomba na ukuta wa jirani. Alikaa nami miezi mitatu, akafariki.

Tulimrudisha Kunduchi kumzika. Pale msibani, mbele ya wanawake wote, mdogo wangu akaninyooshea kidole: "Umemchukua mama akafie bara!" Goba, bara! Ungedhani nimempeleka Dodoma. Nami nikamjibu maneno ambayo siyaandiki hapa. Jamaa walikaa pembeni, maana ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Tangu siku hiyo kimya, na kutoka kwangu mpaka kwake hata saa nzima haifiki.

Basi nikampigia, Jumatatu baada ya swala ya alasiri. Tangu utoto hajawahi kuacha kuniamkia, lakini siku hiyo hapakuwa na shikamoo.

"Unasemaje?"

"Nina kazi ya maneno hapa. Ufukwe na mwambao, tofauti yake nini?"

Nikajua anakata.

"Ufukwe ni pale penye mchanga, watu wanapokaa," akasema. "Mwambao ni pwani yote ile ndefu, unaifuata na chombo bila kushuka." Akakata.

Wallahi nililia. Kisha nikayaandika maneno yake kwenye daftari kana kwamba sijawahi kuyasikia.

Kesho yake nikauliza pwani. "Pwani ni panapopwa maji, hata mtoto anajua," akanijibu. Keshokutwa nikauliza diko. "Pale vyombo vinapofikia, samaki wakashushwa. Watu wa ziwani wanaita mwalo. Wewe si uliolewa huko, hukusikia?" Hapo nikacheka, naye nusura acheke. Siku ya tano akaanza mwenyewe, bila kuulizwa: ule ufuo tuliokuwa tunachezea umeliwa na bahari, minazi miwili imeanguka, na yeye siku hizi anakaanga samaki wa kuuza pale nje barazani. Tuliongea dakika nyingi. Mtu mzima mie, nikawa naoga mapema, nakaa na simu mapajani ningoje alasiri kama mwenye mchumba.

Lakini maneno yana mwisho wake. Siku ya nane nilikuwa nimebaki na ukingo, ambao watu huusema zaidi kwa mto kuliko kwa bahari. Nikauliza hivyo hivyo.

"Dada," akasema, "kuuliza si ujinga. Ila wewe umefundisha Kiswahili miaka thelathini. Unanifanya mie zezeta?"

Sasa anakata, nikawaza, na sina neno jingine la kumpigia.

"Haya, na mie nisikilize," akasema, sauti imeshuka. "Mama hakutaka kuja kwako. Mie ndiye niliyemlazimisha akupigie. Nilichoka, dada. Kumgeuza, kumfulia, kumlisha, kila siku mie peke yangu. Siku moja nikamwambia, 'Una mtoto mwingine, nenda kwake, na yeye akuuguze.' Akalia sana. Halafu akaomba simu. Alipokufa huko nikashindwa kukutazama usoni, ndiyo maana nikakutupia lawama wewe."

Moto ulinipanda mpaka masikioni. Miaka miwili! Idi zote nimekula peke yangu, nimejiona muuaji ndani ya nyumba yangu mwenyewe, kumbe! Matusi yote yalikuwa tayari mdomoni, na nina ulimi mie, wanaonijua wanajua. Upande wa pili nilimsikia analia, na nyuma yake chakarachakara za mafuta yaliyoachwa motoni.

"Epua hayo mafuta," nikamwambia. "Utaunguza nyumba."

Nikamsikia anaepua. Akarudi kwenye simu. "Umenisamehe?"

"Nimekusamehe," nikasema. Sijamsamehe, na sijui nitamsamehe lini. Lakini upweke ulikuwa umenichosha kuliko hasira, nikamwambia Ijumaa nakuja, aniwekee chakula.