Chumvi Iliyoondolewa Kasigau

Mjane Wakesho hakuwahi kununua kibiriti bila kuwasha njiti moja papo hapo dukani. Basi mwaka 1976, mtambo wa kusafisha maji ya chumvi ulipofungwa kwenye kisima cha Kasigau, kijiji kizima kilishangilia, yeye akakunja mikono.

Fundi wa mtambo, Wamalwa, alieleza kwa upole. Ndani mlikuwa na ngozi nyembamba za plastiki, zimepangwa kama kurasa za kitabu. Umeme wa jenereta uliivuta chumvi ikapenya ngozi zile, na maji matamu yakatokea bomba la mbele. Wanawake walijaza madebe, na chai kwa mara ya kwanza ikawa na ladha ya chai.

"Na hiyo chumvi inaenda wapi, fundi?" Wakesho aliuliza.

"Inatoka na bomba la nyuma, mama, inamwagika korongoni. Itamdhuru nani huko?"

Jibu jepesi namna hiyo ndilo lililomtia shaka. Alilifuata bomba mpaka korongoni, nyuma ya mashamba, akakuta ardhi imeganda weupe. Pembeni palikuwa na nyayo za ndovu, pana kama sinia, na udongo uliochimbuliwa kwa pembe, wakitafuta chumvi. Mahindi yake, chakula cha watoto wanne mpaka mvua nyingine, yalikuwa hatua mia mbili tu kutoka pale.

Alipoyasema barazani walimcheka. Jirani yake Elsie akamwambia, "Mama Thadeus, wewe hata mvua ikinyesha utauliza imetumwa na nani. Unataka turudi kwa maji ya chumvi?"

Kesho yake akaanza kuvuna mahindi mabichi, peke yake, siku tatu, wapita njia wakimsonya. Siku ya tano ndovu walitosheka na chumvi, wakapanda mashambani. Hawakubakiza bua.

Wakesho alijaza kikapu mahindi, akajitwika, akampelekea Elsie. Elsie alikitazama bila kukipokea.

"Mashamba yetu yote yameliwa," alisema polepole. "Lako pekee lilikuwa limeshavunwa. Nani alikuambia siku ya ndovu, au ni wewe uliyewatuma?"

"Niliona nyayo. Niliwaambia."

"Uliona," Elsie alisema. Akawavuta wanawe wenye njaa ndani, akafunga mlango.