Mguu ni Mguu

Shemeji yangu hakandi watu. Naanza na hilo maana nimechoka kulieleza mtaani. Anasoma fiziotherapia chuo kikuu, shahada kamili, yuko mwaka wa mwisho, na kila akipita na lile koti lake jeupe mkononi lazima kuna mtu atapiga kelele, "Mkandaji! Njoo unikande bega!" Na yeye, kwa sababu hajui kukataa, anasimama na kwenda kuliangalia bega la mtu bure. Mimi ningempita kama simwoni.

Aliyeanzisha jina hilo ni mama yangu mzazi. Siku dada alipomleta mumewe kukaa kwetu, ili awe karibu na chuo, mama alimuuliza anasomea nini. Jamaa akaeleza vizuri tu. Misuli, viungo, mishipa ya fahamu, mtu aliyepooza, mtu aliyevunjika, namna ya kumrudisha kwenye miguu yake. Mama akamsikiliza mpaka mwisho huku anakanyaga pedali ya cherehani, halafu akasema, "Kwa hiyo kukanda."

"Sio kukanda, Mama."

"Mimi nakanda unga kila siku na sina cheti."

Dada alicheka mpaka akakaa chini. Jina likabaki hapo hapo.

Mama ni fundi nguo. Cherehani yake iko sebuleni chini ya dirisha, na vipande vya vitambaa vimejaa sakafuni kiasi kwamba huwezi kutembea peku bila kuokota uzi. Shemeji alikuwa anasomea hapo, katikati ya vitambaa, maana chumba chao kina kitanda na kabati na basi. Alikuwa anaazima chaki ya mama, ile bapa ya bluu ya kuchorea nguo, halafu ananichora mimi. Mbavu, mgongo, goti, kifundo. Natoka kwenda dukani na kaptura watu wananishangaa, mguu mzima umejaa mistari kama suruali inayosubiri mkasi. Mama akiona chaki inaisha anafoka, "Jamani, hiyo ni ya nguo, sio ya nyama!" Lakini hakuwahi kumnyima.

Wana mhadhiri wao mmoja, mama mkali, mfupi, wanafunzi wanamwita Juu-na-Chini. Jina limetokana na wimbo wake mmoja tu: kiungo kinachouma, cha juu yake, cha chini yake, vyote viguswe. Mgonjwa akisema goti, unashika goti, unapanda nyonga, unashuka kifundo. Kwa sababu mwili una tabia mbaya. Nyonga inaweza kuumia na maumivu yakajitokeza gotini, kama mtu aliyekosea nyumba akagonga kwa jirani. Shemeji alikuwa anauimba wimbo huo akiosha vyombo. Mpaka mimi niliujua.

Na lugha yetu nayo haisaidii. Kuanzia kwenye nyonga mpaka ukucha wa kidole cha mwisho, sisi tunasema mguu. Mtu akikwambia mguu unauma, amekukabidhi nusu ya binadamu utafute mwenyewe.

Sasa. Mama aliteleza bafuni. Sabuni, sakafu ya saruji, kitu cha kawaida. Alinyanyuka mwenyewe, akavaa, akatoka anachechemea, akasema ameshtua mguu kidogo. Tukamwambia twende hospitali. Akasema hospitali ya nini na mkandaji tunaye ndani.

Nilikuwepo, nimekaa kwenye mkono wa kochi. Shemeji alipiga magoti mbele yake kama anaomba radhi. Lazima nieleze kitu hapa. Yule bwana anamheshimu mama mkwe wake kupita kiasi. Mama akiingia sebuleni, yeye anasimama. Akitoka kuoga anachungulia kwanza kama mama yuko koridoni, asije akaonekana na taulo. Na mama naye hivyo hivyo. Mkwe akiwepo anavuta sketi ifike chini, anakaa wima kama yuko kwenye picha ya pasipoti.

"Panauma wapi, Mama?"

"Mguu."

"Mguu sehemu gani?"

"Mguu, baba. Mguu ni mguu."

Dada akacheka kule jikoni. Mama akaonyesha goti, kwa juu juu, kidole hata hakikugusa. Shemeji akalishika goti, akalikunja, akalikunjua. Akashuka kwenye kifundo, akakizungusha. Chini alienda. Juu hakwenda. Niliona mkono wake unapanda kidogo, unafika pale sketi ilipoishia, unasimama. Akajishika nyonga yake mwenyewe, akauliza akiangalia ukutani, "Na huku, Mama, hakuna shida?"

"Huko kuna nini?" Mama akageukia cherehani.

Ikawa imeisha. Wahudumu wa kike wapo, wanafunzi wenzake wa kike wapo tele, mke wake mwenyewe alikuwa hatua chache jikoni, angemwita abonyeze yeye. Hakuita mtu. Alimpa mama mazoezi ya goti, taulo limeviringishwa chini ya mguu, abonyeze na kuachia. Na mama, mtu asiyemsikiliza mtu yeyote duniani, aliyafanya yale mazoezi kwa utiifu wa kutisha. Asubuhi anabonyeza. Jioni anabonyeza. Meno ameyauma, hasemi. Akiulizwa anasema mguu unaendelea vizuri, na shemeji anarudi kwenye vitabu vyake, maana mtihani wa vitendo ulikuwa unakaribia.

Haukuwa unaendelea vizuri. Mama alihamishia pedali mguu wa kushoto. Akaanza kutembea ameshika fanicha, kochi, meza, fremu ya mlango. Halafu kitu cha ajabu, sketi yake ya kila siku ikaanza kuburuta upande wa kulia. Fundi mzima, pindo limeshuka! Mama akajilaumu kwamba macho yanazeeka. Akaifumua, akapunguza upande ule, akashona upya. Siku iliyofuata akavaa nyingine. Nayo inaburuta.

Shemeji alirudi kutoka mazoezini hospitali akamkuta mama amesimama mlangoni anagombana na pindo. Akasalimia. Akaangalia chini. Nilimwona uso unavyobadilika, kama mtu aliyesomewa jina lake mahali asipotegemea.

"Mama, hebu simama wima."

"Nimesimama."

"Achia mlango."

"Nikiachia naanguka, baba."

Aliona sketi imeshuka kulia, na kidole gumba cha mguu kimegeukia nje. Akakaa chini, pale pale kwenye vitambaa, na koti lake jeupe. Sketi haikuwa na kosa lolote. Mguu ndio uliokuwa umefupika.

"Twende hospitali."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi, Mama. Usiukanyage tena."

Eksirei ilionyesha nyonga imepasuka tangu siku ile ya bafuni. Ulikuwa ufa mdogo, na kila mama alipoukanyaga mfupa ulizidi kubonyea na kukaa vibaya. Daktari wa mifupa alitushikia picha kwenye mwanga, akauliza kwa sauti ya kawaida tu, "Nani alikuwa anamfanyisha mazoezi?"

Shemeji akanyoosha mkono. Kama mtoto darasani. Daktari akamwangalia koti, akamwangalia uso, akarudisha picha kwenye bahasha. Afadhali angetukana.

Mama akafanyiwa upasuaji, akawekewa chuma. Upasuaji ulienda salama. Tatizo likaja baadaye, kwa sababu mama alikataa kusimama. Daktari alituita pembeni mimi na dada akatueleza bila kuzunguka. Mzee aliyepasuliwa nyonga akilala tu, mapafu yanajaa, damu inaganda miguuni, mgongo unaoza vidonda. Wapo wengi ambao upasuaji ulienda vizuri na kitanda kikawamaliza. Asimame leo, au kesho asubuhi kwa kuchelewa sana.

Wakaja fizio wa wodi, kwanza kijana, halafu dada mmoja mpole. Mama akawa jiwe. "Mguu hautaki," anasema. Mguu wapi? "Mguu." Akageukia ukuta. Kikohozi kilikuwa kimeanza, kidogo kidogo, cha mtu anayeogopa kukohoa. Niliposikia kile kikohozi nikatoka nje maana ningepasua kitu.

Shemeji alikuwa koridoni, kwenye benchi. Hakuwa ameingia wodini hata mara moja tangu upasuaji. Nyumbani alikuwa amerudisha chaki kwenye droo ya cherehani na kumwambia dada kwamba anaacha chuo. Nilikaa pembeni yake na nilikuwa na maneno machafu yamejipanga mdomoni. Kabla sijafungua, akatokea yule mhadhiri wao mfupi, ambaye husimamia wanafunzi pale wodini.

"Unafanya nini hapa?" Juu-na-Chini akamuuliza.

"Nimemuumiza, Mwalimu."

"Ndiyo. Nimeiona picha." Hakupunguza sauti. "Uliijua kanuni?"

"Naijua."

"Sasa ilikuwaje?"

"Ni mama mkwe."

Nilidhani yule mama atamhurumia. Wapi. "Mimi nawafundisha mifupa," akasema, "hiyo aibu sina somo lake. Lakini yule mama anakohoa, na wewe umekaa kwenye benchi unajihukumu. Utajihukumu baadaye, muda utakuwepo. Ingia."

"Mwanafunzi haruhusiwi kutibu ndugu."

"Mimi nitasimama pale, na mzigo ni wangu. Mikono itakuwa yako. Kama anamkataa kila mtu, basi ana neno na mtu mmoja."

Tukaingia. Mama alipomwona akavuta shuka mpaka kidevuni. Shemeji akasimama miguuni pa kitanda, mikono imeshikana. Jirani wa kitanda cha pili aliacha kutafuna ili asikie vizuri.

"Mama," akaanza. "Siku ile nilitakiwa niiguse nyonga. Tumefundishwa hivyo. Sikuigusa kwa sababu niliona aibu. Ningeigusa, ufa ungeonekana mapema na mfupa usingeharibika namna hii. Kosa ni langu."

Mama alimwangalia. Akakohoa.

"Na mimi nilijua ni huko," akasema. "Tangu bafuni nilijua. Ningekuonyeshaje wewe? Nilisema mguu nikajua wewe msomi utaelewa."

"Sikuelewa."

"Hukuelewa. Mkandaji mzima."

Hakuna aliyecheka. Lakini shuka lilishuka kidogo kutoka kidevuni.

"Naogopa, baba," mama akasema, na hiyo sauti sikuwahi kuisikia kwake. "Hawa watoto wananiambia kanyaga, kanyaga. Mazoezi yako nayo niliyafanya yote. Nikikanyaga hiki chuma kikavunjika, nani ananishonea mimi?"

"Hakivunjiki kwa kusimama. Kulala ndio kutatuua." Alisema kutatuua, sisi wote. Nadhani hata yeye hakusikia. "Nitapitisha mkono mmoja mgongoni, na mwingine hapa, kwenye nyonga. Ile iliyopasuliwa. Naomba ruhusa."

Mama akafumba macho. Akafumbua. "Pitisha."

Mkono ukapita. Fremu ya kutembelea ikasogezwa mbele, dada yangu akashika mpira wa mkojo, Juu-na-Chini akasimama pembeni na mikono yake nyuma, kama mtu anayejizuia.

"Panauma wapi, Mama?"

"Nyonga," mama akasema. Akalirudia kwa nguvu, wodi nzima ikasikia. "Nyonga! Nyonga ya kulia, kwa mbele, karibu na kinena. Umeridhika?"

"Nimeridhika. Egemea mbele. Pua ipite vidole vya miguu. Haya, juu."

Alipanda akitetemeka, vidole vimeikaba ile fremu, jasho linamtoka puani. Akasimama. Alisimama kweli, mama yangu, na gauni la wodi limemkaa vibaya kama pazia la kuazima. Akakohoa kikohozi kirefu, kile cha ndani, kilichokuwa kimegoma kutoka. Juu-na-Chini akatikisa kichwa mara moja kukubali.

Mama akainamisha uso.

"Pindo limekaa sawa?"

Shemeji akachungulia chini, mkono wake bado uko pale pale kwenye nyonga. Angeweza kumdanganya. Mimi ningedanganya.

"Limeshuka kidogo, Mama. Upande wa kulia."

"Kidogo vipi?"

"Upana wa kidole."

Mama akapumua. Akasogeza mkono mmoja kutoka kwenye fremu, akaushika mkono wa mkwe wake, akaubonyeza ukae vizuri mahali pake.

"Hicho ni kitu cha fundi," akasema. "Wewe nishike."