Niliwaeleza wazazi habari za nitric oxide, baba akaacha dawa yake ya moyo

Habari za mchana, wakuu. Wengi humu mnaniita mkuu nami ni mama wa watoto watatu, ila leo si siku ya kusahihishana.

Haya yalitokea nyumbani kwetu Kilosa. Sijaongeza chumvi. Ingekuwa hadithi ya kutunga ningejipa nafasi nzuri zaidi.

Ni miaka ya tisini mwishoni, soko huria limeshika kasi. Mashamba ya mkonge yanabinafsishwa, na baba, fundi mashine wa korona (kiwanda cha kuchakata mkonge, msije mkaanza utani wa barakoa), akapunguzwa kazi. Yeye na mama wakahamia Tindiga kulima mpunga.

Mama alikuwa na baridi yabisi. Si ile ya wazee kulalamikia magoti mvua zikikaribia. Hii ilimwanza akiwa bado kijana, ikamvimbisha vidole vya mikono yote miwili, asubuhi hawezi kufunga kanga mpaka jua lipande. Hospitali waliandika rheumatoid arthritis.

Baba ndiye aliyekuwa anamfunga kanga. Alifanya hivyo mlango ukiwa umefungwa, wenzake wasije wakamcheka.

Baba naye alikuwa na ugonjwa wa moyo. Hospitalini Mikumi walimpa vidonge vidogo vya kuweka chini ya ulimi kifua kikibana, wakamwonya asitembee bila kuwa navyo. Kwenye zahanati ya kijijini havikuwepo. Ila Morogoro mjini maduka binafsi ya dawa yalikuwa yanaota kama uyoga, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa nanunua na kumtumia kwa basi.

Nilikuwa mwaka wa pili chuo cha uganga, huko huko mjini. Wakuu, mwaka wa pili ni mwaka wa hatari. Unajua majina yote na hujui kitu.

Siku moja mwalimu akatufundisha nitric oxide. Ni gesi inayotengenezwa na mwili wenyewe, kidogo tu, inalegeza mishipa ili damu ipite. Lakini kwenye viungo vya mgonjwa kama mama, chembe za kinga huitengeneza kupita kiasi, na ikizidi inachangia kuharibu gegedu, ule utando unaozuia mifupa isisagane.

Kisha akasema vile vidonge vya chini ya ulimi hufanya kazi kwa kutoa gesi hiyo hiyo.

Nilitaka kuruka. Baba na mama kwenye ukurasa mmoja wa daftari langu!

Likizo nikaenda Tindiga. Tumemaliza kula, nikaanza kumwaga elimu.

"Baba, ile gesi inayokufungulia moyo ndiyo hiyo hiyo inayomla mama viungo."

Mama akacheka. "Haya, daktari wetu."

Baba hakucheka. "Hiyo hiyo?"

"Hiyo hiyo kabisa, baba."

"Sasa nikishaweka kidonge, baadaye inakwenda wapi?"

Nikajibu kama niko mbele ya mtahini. "Inasambaa. Gesi haikai sehemu moja."

Hapo ndipo nilipoharibu. Gesi ile huisha humo humo mwilini, kwa muda mfupi sana, haitoki kwa mtu ikaingia kwa mwingine. Nilikuwa nalijua hilo. Sikulisema kwa sababu haikunijia kwamba kuna mtu anahitaji kuambiwa. Nilisahau nani anauliza. Mtu aliyekulia kwenye mashine anajua moshi wa injini ya chumba hiki unaua aliyelala chumba cha pili.

Nikarudi chuo, mengi ya yaliyofuata nimeyajua baadaye.

Baba akahamishia godoro lake stoo ya mpunga. Akatenga kikombe chake. Hakusema sababu, wanaume wa rika lake hawakuwa na desturi ya kujieleza. Miaka ile mtu akitenga vikombe mtaa mzima ulikuwa na jibu moja, ukimwi, majirani wakaanza kunong'ona. Mama akaamini lake, kwamba mikono yake iliyopinda imemchosha mumewe.

Asubuhi baba bado alikuwa anakuja kumfunga kanga, lakini sasa anageuza uso pembeni mpaka amalize. Mama alijua ni kinyaa.

Kisha baba akaniandikia nisitume tena dawa, amepata nafuu. Nikamshukuru Mungu na kuendelea na mitihani yangu. Mwanafunzi wa uganga huyo!

Siku ya gulio walikuwa wanarudi kutoka Ulaya (kijiji cha huku huku Kilosa, si kwa Wazungu) kwa baiskeli, baba na jirani yetu Mzee Masanja, mfugaji aliyehamia kutoka Usukumani. Kifua kikambana. Masanja akampekua mifuko yote.

"Dawa yako iko wapi, mzee mwenzangu?"

"Niliiacha. Inamla mama Zena."

Zena ndiye mimi. Hakufika nyumbani akiwa hai.

Masanja alinisimulia msibani, pembeni, akidhani mgonjwa aliweweseka tu. Mimi nilielewa yote. Kidonge kingemwokoa? Sijui, na sitajua. Nilinyamaza zaidi ya miaka ishirini kwa woga.

Mama baadaye alipata dawa sahihi, sasa anaishi kwangu Mikumi. Mwaka jana tunachambua mchele, akasema kwa sauti ya kawaida tu: "Baba yako alikuwa mtu mwema, ila mwishoni alinionea kinyaa."

Nikamweleza. Gesi, stoo, kikombe, maneno ya Masanja. Nilingoja laana.

Akauliza, "Alipokuwa anageuza uso, alikuwa anazuia pumzi?"

"Ndiyo, mama. Isikufikie."

Akaweka ungo chini. Kisha machozi.

"Ungeniambia, Zena. Miaka yote hii nimemnunia marehemu."

Hakula mpaka kesho yake, aliponiambia nimpeleke Tindiga kaburini. Alinisamehe? Sijathubutu kuuliza.

Siku hizi nikimweleza mgonjwa jambo, simwachi aondoke hadi anieleze yeye ameelewa nini. Elimu niliyokuwa nayo ilikuwa ya kweli na bado ilimponza baba yangu.

Waliowahi kukaa na maneno ya marehemu wakaogopa kuyafikisha, karibuni mseme, hata mkinitukana nitasoma. Na kama wewe unayo, na aliyestahili kuyasikia yuko hai, acha uzi huu, mpigie sasa hivi.