Tisa Tano za Datsun ya Chepkemboi

Jumamosi ile Chepkemboi hakungoja chai. Alijifunga leso kiunoni, akachukua spana, akalala chali juu ya gunia chini ya pikapu yake kuukuu ya Datsun, uani kwake Silibwet. Akafungua nati, oili ikaanza kumwagika kwenye beseni, naye akaanza kuimba.

“Mama Chelimo, umeokoka mara ya pili?” mumewe Benard aliuliza kutoka zizini.

“Leo ndiyo siku, Baba Chelimo! Leo tisa zinaanguka!”

Benard hakuhitaji kuelezwa. Wiki nzima nyumba ile haikuwa na habari nyingine. Mita ya kilomita ya Datsun ilikuwa na tarakimu tano tu, na sasa ilikuwa inanyemelea tisini na tisa elfu, mia tisa tisini na tisa. Ikivuka hapo, zote tano zingegeuka sifuri, gari lianze kuhesabu upya kana kwamba limetoka kiwandani jana.

Chepkemboi alilinunua kwa mwalimu mmoja aliyestaafu, kwa akiba ya kuchuma majani chai na kuuza maziwa. Wanaume wa sokoni walicheka hadi wakashika mbavu, wakasema mama huyu amenunua banda la kuku lenye magurudumu. Lakini fundi Nyamweya wa Sotik alimfundisha neno moja, naye akalishika kama amri: oili ibadilishwe kila kilomita elfu tano, na filta yake pamoja. “Nyinyi Wakipsigis hamtii maziwa mapya kwenye kibuyu kichafu cha kugandishia mursik,” Nyamweya alimwambia. “Injini nayo ni vivyo hivyo.” Tangu hapo kila alfajiri, kabla ya kupakia mitungi ya maziwa, Chepkemboi alichomoa kijiti cha oili, akakipangusa, akakirudisha, akakichomoa tena na kukitazama. Oili iliyochakaa aliipaka kwenye vigingi vya uzio, na mchwa wote wakahamia kwa jirani.

Alikuwa anafunga filta mpya wakati lango lilipopiga kelele. Ni Bonareri, muuza ndizi, rafiki yake wa miaka mingi, pamoja na akina mama wa chama chao cha maziwa, wamevaa kama watu wa harusi.

“Bado uko chini ya gari? Toka, twende!” Bonareri alisema.

“Nakuja, nakuja!” Chepkemboi akaikaza filta kwa mkono, akamimina oili mpya, akafunga boneti.

Wakapita Bomet, wakashika njia ya Kaplong, akina mama wakiimba nyuma. Bonareri alikaa mbele na kusoma mita kwa sauti kama mtangazaji wa mpira. Zilipofika tisa nne, wimbo ulikatika wenyewe. Kila mtu alitaka kusikia. Tarakimu ya mwisho ikapanda polepole, saba, nane, kisha tisa.

“Tisa tano!” Bonareri akapiga kelele. “Haijabaki hata kilomita moja!”

Hapo hapo taa nyekundu ya oili ikawaka.

Chepkemboi hakufikiri mara mbili. Alizima injini, akaliacha gari lijivute hadi kando ya barabara, likasimama.

“Wee, unafanya nini?” Bonareri alishangaa. “Si tumalizie tu? Ni hapo tu!”

“Hapo tu ndipo injini hufia.” Alishuka, akainama chini ya gari, akaona oili ikichuruzika kutoka kwenye filta, mbichi, safi kama asali. Akaifungua filta, na alichokiona kikamfanya ajipige paji la uso. Raba ya filta ya zamani ilikuwa imebaki imegandia kwenye injini, na mpya imekaa juu yake. Raba mbili! Miaka yote alipangusa pale kwa kitambaa, isipokuwa leo.

Aliketi kwenye nyasi. Akina mama wakaanza kutazama viatu vyao.

Bonareri alichungulia mita tena dirishani. “Mama Chelimo, hiyo mita inahesabu injini, ama inahesabu magurudumu?”

Chepkemboi alimtazama. Alikumbuka siku gari lilipovutwa kwa kamba hadi kwa Nyamweya, injini ikiwa imezimwa, na namba zikizidi kupanda. Akaruka kama msichana.

“Magurudumu! Sukumeni!”

Alirusha leso yake kwa Bonareri, akaingia, akatia gia huru. Akina mama wakajipanga nyuma, bega kwa bega. Wachumaji waliokuwa kwenye shamba la chai lililopakana na barabara waliuliza kuna nini, wakaelezwa, wakatua vikapu na kuja mbio. Datsun ikaanza kutambaa, kisha barabara ikateremka kidogo, nayo ikakimbia, watu wakiifuata wakicheka na kuhema.

“Inasema nini?” waliuliza kutoka nyuma.

“Zinageuka! Zinageuka zote!”

Tisa tano ziliinuka pamoja kama watu kanisani, zikasita, zikapinduka. Sifuri, sifuri, sifuri, sifuri, sifuri. Chepkemboi alipiga kelele iliyoshtua ng’ombe ng’ambo ya pili, akafungua mlango, akaruka nje acheze, na nusura Datsun imwache barabarani. Bonareri alilikimbilia gari, akavuta breki ya mkono, akaanguka kwenye kiti kwa kicheko.

“Kongoi! Asanteni, asanteni!” Chepkemboi alimshika mkono kila msukumaji, akiwapaka wote oili.

Bonareri akapanda bodaboda kwenda Kaplong kununua oili. Chepkemboi akaibandua ile raba kuukuu kwa kisu, akapangusa mara tatu, akapaka raba mpya oili kwa kidole na kukaza. Oili ilipofika, aliijaza, akapima kwa kijiti, akawasha akiwa ameshikilia pumzi. Taa nyekundu ikawaka, ikazimika. Injini ikanguruma taratibu, kama paka aliyeshiba.

Mvua ya mchana ilianza kabla hawajafika Kaplong. Hakuna hata mmoja aliyeomba kuhamia mbele. Walijifunika turubai moja, wakaimba hadi mjini, na watu madukani wakatoka kuona ni harusi ya nani.